Siku ya tatu, mume akirudi kutoka polisi

Swali hili linarudi kila tunapokutana kuweka akiba. Linatoka kwa wamama wa Kasongo mjini sawa na kwa wale wanaotufikia kutoka upande wa Kabambare: mama akipigwa na mume wake, aende polisi ao anyamaze? Sisi tunajibu: aende. Lakini asiende peke yake, na kabla hajafika huko awe anajua siku ya tatu atalala wapi na watoto.

Kwa nini siku ya tatu? Kwa sababu ya Katiba. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa kasho ya polisi kupita saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Hatukilaumu kifungu hicho. Kimewasaidia vijana wetu wengi waliotupwa kasho kwa deni la kuku ao kwa neno la jirani. Lakini hesabu yake mama anapaswa kuijua. Mume akiingia kasho Jumatatu asubuhi, Jumatano asubuhi yuko parke, ao yuko njiani anarudi nyumbani, naye anajua ni nani aliyempeleka.

Aliye Kasongo mjini anaweza kufika parke kwa miguu. Aliye Salamabila ao Wamaza, ao kijiji fulani ng'ambo ya Luama, huyo ana kazi nyingine kabisa. Wakati wa mvua barabara ni matope, pikipiki inasukumwa kuliko inavyopandwa, na askari wa posti ndogo hana pikipiki wala mafuta. Basi anamwambia mama: leta pesa ya mwendo, tumpeleke mume wako. Mama hana. Saa 48 zinapita. Mara nyingine si askari aliyeamua kumwachilia yule bwana. Ni barabara iliyoamua.

Mmoja wetu, ambaye ametukubalia kusimulia bila kutaja jina lake, ana watoto wanne na mume anayechimba dhahabu upande wa Namoya. Bwana huyo hurudi nyumbani baada ya miezi miwili, mitatu. Mara ya kwanza alipompiga mpaka mdomo ukapasuka, mama alienda peke yake kwenye posti ya polisi. Aliketi kwenye benchi tangu asubuhi. Alipoitwa, aliulizwa kwanza yeye alikosea nini. Kisha akaambiwa, "Mama, haya ni mambo ya nyumbani, rudi muzungumze na wazee." Alipokataa kutoka, wakamwita mume, wakamtoza faini, akaachiliwa jioni ile ile.

Na faini ile ililipwa na nani? Bwana hakuwa na franga. Mama mkwe alikuja nyumbani na mpwa wake, wakabeba magunia mawili ya mpunga ambao mama alikuwa amelima mwenyewe, wakauza. Yaani mama alipigwa, kisha akalipa. Tunawajua wengine waliopita njia hiyo hiyo, wengine kwa mbuzi, wengine kwa mafuta ya mawese, na ndiyo sababu husikia watu wakisema polisi ni kujipotezea tu.

Faini ile ina mipaka yake, nasi tunataka kuieleza vizuri, maana hapo ndipo wamama wengi wanadanganywa. Sheria ya mwenendo wa mashtaka, ile ya tarehe 6 Agosti 1959, inamruhusu afisa wa polisi anayeandika mashtaka, yule tunayemwita OPJ, amalize kosa dogo kwa faini kama anaona hata hakimu angetoa faini tu. Pesa hiyo ni ya hazina ya leta. Si ya askari. Si ya mama aliyepigwa pia. Yeye akitaka fidia anaiomba kwa njia nyingine, mbele ya hakimu. Kwa hiyo anayelipa apewe karatasi ya malipo. Pale ambapo karatasi haionekani, ninyi wenyewe mnajua pesa imeenda wapi.

Lakini si kila kosa ni dogo. Kitabu cha makosa cha tarehe 30 Januari 1940, ambacho kimetengenezwa mara nyingi tangu wakati huo, kinatenganisha. Kupiga na kujeruhi kwa kawaida ni kifungu cha 46: kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6. Kipigo kikileta ugonjwa, ao kumfanya mtu ashindwe kufanya kazi yake, ao kumpotezea kiungo, hicho ni kifungu cha 47: miaka 2 mpaka 5. Na aliyepigwa akifa, hata kama mpigaji hakukusudia kuua, ni miaka 5 mpaka 20. Tumesomewa vifungu hivyo mara nyingi, binti yetu aliyesoma sheria akitutafsiria Kifaransa neno kwa neno. Tulikuwa tunatafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa mke wake". Hapapo. "Mambo ya nyumbani" ni neno la benchi ya polisi. Katika kitabu halimo.

Mara ya pili mkono wa mama huyu ulivunjika. Safari hii hakupita polisi kwanza. Alipita kwa mama anayetunza sanduku letu, usiku, mtoto mdogo mgongoni. Asubuhi tulienda naye, sisi wanne. Hatukupiga kelele. Tulimsalimia komanda kama inavyofaa, tukaketi, tukaomba vitu viwili: maneno ya mama yaandikwe kwenye PV na asomewe kabla ya kutia kidole, na apewe karatasi ya kumtuma kwa munganga. OPJ akasema ofisi haina karatasi. Sisi tulikuwa nazo. Tulikuwa tumenunua karatasi sita na biki moja. Wamama, msicheke. Huku kwetu mashtaka mazito yanaweza kufa kwa kukosa karatasi tupu.

Munganga aliandika kwamba mkono umevunjika, na kwamba mama hawezi kufanya kazi kwa majuma sita. Maneno hayo, "hawezi kufanya kazi", ndiyo yaliyobadilisha mambo. Bila hayo OPJ angeweza kusema ni kifungu cha 46 na kumaliza kwa faini kama mara ya kwanza. Yakiwa yameandikwa, ni kifungu cha 47, na dosie ikapanda parke siku ya pili, kabla saa 48 hazijaisha. Basi mama akifika hospitali asimwonyeshe munganga mahali panapouma tu. Amwambie pia kazi ambayo hawezi tena: kutwanga, kuchota maji, kulima, kubeba mtoto. Munganga hawezi kuandika asichoambiwa. Na karatasi hiyo isilale nyumbani kwa mume. Ilale kwa dada, kwa mama mkubwa, ao ndani ya sanduku la kikundi chini ya kufuli tatu, pamoja na akiba zetu.

Wako askari wazuri, tusiwanyime haki yao. Polisi ya Taifa ina kitengo cha kulinda watoto na wanawake, na mahali penye mwanamke aliyevaa unifomu mama husema mambo ambayo hangeyasema mbele ya kijana mwenye umri wa mwanawe. Lakini vitengo hivyo ni vya miji zaidi. Kijijini mnamkuta askari mmoja, wawili, mshahara haujafika, na yule bwana wa kushtakiwa ni rafiki yake wa kunywa naye lotoko jioni. Ndiyo sababu tunakwenda wengi. Mama mmoja kwenye benchi anaweza kurudishwa nyumbani. Wamama wanne wanaoketi kimya na kungoja, hao wanamsumbua mtu.

Kuna jeuri ambayo faini haiwezi kuifunga kabisa. Tarehe 20 Julai 2006 zilitoka sheria mbili juu ya ubakaji na makosa yanayofanana nao, 06/018 na 06/019. Huku kwetu watu wanaziita sheria za vita, na wamama wa Kabambare hawahitaji kuelezwa kwa nini zilihitajika. Kwa hiyo wengi wanafikiri zinamhusu mwenye bunduki tu. Hapana. Zinamhusu shemeji, mwalimu, baba wa kambo, mpangaji wa chumba cha nyuma. Ubakaji ni kifungo cha miaka 5 mpaka 20, na sheria imesema wazi kwamba hata mtu akilipa faini polisi, mashtaka hayafi. OPJ anapaswa kuijulisha parke ndani ya saa 24. Uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mmoja, na hukumu miezi mitatu tangu mahakama kupokea kesi. Tunajua miezi hiyo huku kwetu hurefuka, lakini mama akiijua anaweza kuuliza. Aliyebakwa ao mwendesha mashtaka akiomba, kesi inasikilizwa milango ikiwa imefungwa, bila watu wa soko kuja kusikiliza.

Na katika jambo hilo hospitali inatangulia polisi. Dawa za kuzuia ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. PV inaweza kungoja mpaka kesho, dawa haingoji.

Mnatuuliza pia juu ya mume anayemlazimisha mke wake. Sheria ya 2006 haikumtaja mume, na haikumtoa. Hatujaona kesi ya namna hiyo ikifika mwisho huku kwetu, kwa hiyo hatutawaahidi kitu. Juu ya wasichana wanaoozwa kwa nguvu tutaandika siku nyingine. Leo tuseme tu kwamba umri wa ndoa ni miaka 18 kwa wote, mume na mke, na mzazi anayemlazimisha mtoto kuolewa anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 12, na kwa mtoto wa chini ya miaka 18 kiwango cha chini cha adhabu hiyo kinaongezwa mara mbili.

Mzee mmoja wa mtaa alitujibu kwamba sheria yenyewe inamwita mume mkubwa wa nyumba. Ni kweli, imeandikwa hivyo katika sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilipotengenezwa tarehe 15 Julai 2016 neno hilo lilibaki. Lakini mwaka huo wa 2016 kiliondolewa kitu kingine: zamani mke alihitaji ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, sasa sharti ni wapatane. Tena, mkubwa wa nyumba ni mtu wa kuulizwa kama paa linavuja na kama watoto wamekula. Kapita wa shamba naye ni mkubwa, na akimvunja mfanyakazi mkono anashtakiwa.

Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwaka 2013 na 2014 uliwauliza wanawake wa miaka 15 mpaka 49. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Lakini hesabu iliyotunyima usingizi ni nyingine: karibu wanawake watatu kati ya wanne walikubali kwamba kuna sababu ya mume kumpiga mke, kama chakula kuungua ao kutoka bila kuaga. Kwa wanaume waliokubali hivyo, idadi ilikuwa ndogo kuliko yetu. Kwa hiyo mama akipigwa na kukimbilia kwa mama mkwe, ao kwa mama yake mzazi, huenda anakimbilia kwa mtu atakayemuuliza kwanza kama chakula kiliungua.

Hapo tunarudi kwenye usiku wa tatu. Kwa baba yake mara nyingi hapalaliki. Mali ilikwisha kuliwa, mbuzi walikwisha gawanywa kwa wajomba, na baba anaogopa kwamba binti akilala kwake majuma mawili ataambiwa arudishe. Anamshika mkono binti, anamrudisha mwenyewe, tena kwa upendo, na kuku mmoja wa kuomba msamaha. Imamu na padri wanaita watu wawili waketi wazungumze, jambo jema pale ambapo kosa ni maneno. Lakini mkono uliovunjika hauwezi kuketi kuzungumza na aliyeuvunja, siku ya tatu, nyumbani kwake.

Majirani zetu wametafuta njia. Rwanda ilitoa sheria yake juu ya jeuri ya namna hii mwaka 2008, Uganda 2010, Burundi 2016. Kenya, kwa sheria ya 2015, mama anaweza kuomba hakimu aandike amri ya kumkataza mume asikaribie nyumba, na akiivunja anakamatwa kwa hilo peke yake. Tanzania waliweka dawati la jinsia na watoto ndani ya vituo vya polisi, na mama anajua akifika aulize dawati. Sisi tuna Katiba, ambayo katika kifungu cha 14 inaiamuru leta ipigane na jeuri juu ya mwanamke, mbele ya watu na ndani ya nyumba. Tuna sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za wanawake, na vifungu vilivyoongezwa Septemba 2023. Lakini ni vipande vipande, na mama mwenye mkono uliofungwa kitambaa hawezi kuzunguka akiviokota. Ile karatasi ya Kenya ya kumzuia mume mlangoni, hatujaiona mkononi mwa mama yeyote wa Kasongo.

Mama wa mkono uliovunjika alikaa kwa mmoja wetu majuma saba. Haikuwa rahisi. Watoto wanne ni vinywa vinne, na mwenye nyumba naye ana mume, ambaye siku ya kumi alianza kuuliza wageni wanaondoka lini. Ndugu za mume walikuja mara tatu. Mara ya kwanza walitukana, mara ya pili walileta pombe na maneno matamu, mara ya tatu walileta mtoto wa kwanza, ambaye walikuwa wamemchukua shuleni, wakamsimamisha uani amwombe mama yake afute mashtaka. Mama alilia siku ile kuliko siku ya mkono. Alituambia, "Mimi sitaki wamfunge miaka mitano. Nani atalipa shule? Nataka wafunge mkono wake tu, yeye wamwache." Hatukuwa na jibu, na hatukumlazimisha. Baadhi yetu walisema akifuta mashtaka tumepoteza kazi yote, wengine walisema mashtaka ni yake, mkono ni wake. Tulibishana mpaka jua likazama, na kusema kweli ubishi huo haujaisha.

Hakufuta. Mume alikaa ndani kwa muda, kisha parke ikamwachilia kwa masharti akingoja kesi, na mmoja wa masharti ni asimkaribie mama. Analala kwa kaka yake. Mpunga wa mwaka huu uko ghalani kwa jina la mama. Kesi bado.

Tangu hapo tumepatana mambo machache, na tunayaandika ili vikundi vingine vichukue vinavyoweza. Katika avek yetu kila mama anatia kidogo kwenye ule mfuko wa shida, ule wa msiba na wa hospitali, na sasa mfuko huo unatoa pia mafuta ya pikipiki ya kumpeleka mshtakiwa parke kabla ya saa 48, pamoja na karatasi na biki. Tunampa mafuta mwendesha pikipiki mkononi, hatumpi askari pesa. Tumepata nyumba tatu ambazo mwenye nyumba, pamoja na mume wake, wamekubali mbele ya sisi wote: mama anaweza kulala humo mpaka usiku wa kumi bila kuulizwa. Baada ya usiku wa kumi tunamhamisha nyumba ya pili. Kila nyumba ina mkeka, blanketi mbili na debe la unga ambalo haliguswi.

Hatutaandika hapa ni nyumba gani, maana gazeti hili hufika pia mikononi mwa mabwana. Mama anayehitaji amuulize mtunza sanduku wa kikundi chake, uso kwa uso, sokoni ao kisimani, si kwa simu ya mume. Wamama wa upande wa Kabambare, wale wa soko la Alhamisi wataleta jina la mtu wa kuulizwa huko kwenu.